Bibi wa Fumba

Kabla ya Siti binti Saad, taarab ya ikulu Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Binti huyu wa Fumba alichuuza vyungu mitaani, akinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Ndiyo iliyomtoa.

Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akarekodi santuri kwa Kiswahili. Mapenzi aliyaimba, naam, lakini hakuwasaza wakubwa: wimbo wake "Kijiti" unamtaja muuaji aliyetoroka baada ya kumuua mwanamke, huku mahakama ikiwafunga wanawake waliotoa ushahidi. Magazeti gani ya enzi hizo yangethubutu?

Alifariki 1950. Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kitukuu wa Siti binti Saad, Siti Muharam, akachagua kumkumbuka kwa kuimba, na mwaka 2020 akatoa albamu "Siti of Unguja", yenye nyimbo za bibi huyo.