Vishimo vya Magego: Dawa Iliyotoka kwa Jirani



Ndugu wazazi wa Luzira na kwingineko, mtoto akifika kiasi cha miaka 6 huota gego nyuma kabisa ya meno ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, wengi wetu hudhani nalo ni la utoto. Likioza tunasema, "Liache, litatoka liote jingine." Haliti jingine! Hilo ndilo jino la maisha.

Juu ya gego kuna vishimo na mifereji myembamba, mingine myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Mabaki ya mandazi, chai ya sukari na soda hunasa humo, vijidudu hugeuza sukari kuwa asidi, na uozo huanzia pale pale. Dini yetu imetuhimiza sana mswaki, na faida yake ni kubwa. Lakini unywele usioingia kishimoni hauwezi kukisafisha. Ndipo wataalamu walipojiuliza: kwa nini kisizibwe kabla hakijaoza?

Mwaka 1923 daktari wa Marekani, Thaddeus Hyatt, alipendekeza vishimo vitobolewe na kujazwa mapema. Tatizo ni kwamba jino lililo zima lilikuwa linatobolewa. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, huko huko Marekani, aligundua kwamba jino likipakwa asidi kidogo, plastiki hulishika vizuri. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Cueto walieleza jinsi ya kuziba vishimo bila kutoboa. Ilikuwa hatua kubwa, ila plastiki hiyo hutaka jino kavu kabisa, na aina nyingi hutaka taa maalum ya kuigandisha. Je, pasipo na umeme?

Jibu lilitoka kwa jirani. Sisi wa Luzira tunazijua meli za mizigo zinazotoka Port Bell kuvuka ziwa hadi Mwanza. Katika nchi hiyo ya Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi na chuo cha meno cha Dar es Salaam. Vijijini hakukuwa na umeme wa kuendesha mashine ya kutobolea. Basi wakatumia vifaa vya mkono tu: kukwangua sehemu iliyooza na kulainika, kisha kujaza saruji ya meno inayojigandisha yenyewe.

Baadaye saruji iliyotumika zaidi ikawa ya glasi ionoma, ambayo Wilson na Kent waliieleza London mwaka 1972. Hushikana na jino na kutoa floraidi taratibu. Daktari hupaka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glavu, kisha hukandamiza saruji hiyo mpaka iingie hata katika vishimo vya jirani ambavyo bado ni vizima. Kwa kazi moja, anatibu na kukinga!

Njia hiyo ilijaribiwa Thailand kuanzia 1991. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Mwaka 2021 shirika hilo likaiweka saruji ya glasi ionoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Mzazi mwenzangu, historia hii ina faida gani kwetu? Ni kwamba umaskini wa vifaa haukuwazuia jirani zetu, wala usiwe udhuru kwetu. Mtoto akifika miaka 6, na tena akifika 12 gego la pili linapoota, mfungue kinywa mtazame nyuma. Mpeleke kwa daktari wa meno uulize kama vishimo vyake vinafaa kuzibwa. Usingoje alie usiku, kwani uozo ukishafika kwenye mshipa wa jino, kuziba peke yake hakutoshi, na mara nyingi huishia kung'olewa. Na hata vikizibwa, mswaki wenye dawa ya floraidi usiachwe, na sukari ipunguzwe.

Kinga ni bora kuliko tiba.