Kidonda cha moto: utajuaje kama kimeingia vijidudu?

Mtoto akimwagikiwa na uji au chai ya moto, wasikilizaji wetu wengi wanajua la kufanya palepale: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Shida huja siku chache baadaye. Kidonda kinatoa majimaji, na nyumbani watu wanabishana kama ni usaha au ndivyo kinavyopona.

Siku 2 au 3 za mwanzo, majimaji mepesi ya manjano yasiyo na harufu ni kawaida, na uvimbe kidogo pia. Cha kukushtua ni maumivu yaliyokuwa yakipungua kuanza kuzidi tena. Angalia pia usaha mzito au wa kijani, harufu mbaya, uvimbe unaotambaa, au kidonda chekundu kugeuka cheusi.

Mara nyingi tunaambiwa tutazame wekundu pembeni mwa kidonda, lakini kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Gusa ngozi hiyo kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa upande wa pili wa mwili. Ikiwa ina joto zaidi, imekaza na inang'aa, nenda zahanati. Simu yako nayo inasaidia: piga picha kila kidonda kinapofunguliwa, mchana, ili tabibu aone kinavyobadilika.

Zahanati watakisafisha, wataondoa ngozi iliyokufa, watapaka dawa na kufunga kwa gozi safi. Krimu ya silva sulfadiazini huacha utando wa kijivu unaofanana na usaha. Usiogope, huoshwa wakati wa kubadilisha bandeji. Vidonge vya antibayotiki hutolewa maambukizi yakionekana, na dozi humalizwa. Kuvimeza mapema "ili kuzuia" hakusaidii.

Hapa tuseme wazi kuhusu kufungua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Unga hukauka ukawa gamba, juu panaonekana pakavu, kumbe chini usaha unajikusanya. Dawa ya meno na samli nazo huchafua kidonda. Majivu na kinyesi cha ng'ombe ni hatari zaidi, kwa sababu vinaweza kuleta pepopunda. Ulizia chanjo yake siku ya kwanza unapofika zahanati.

Malengelenge msiyapasue nyumbani. Anayehudumia kidonda anawe kwa sabuni kwanza, na maji ya kukiosha yawe yamechemshwa yakapoa. Mgonjwa ale mayai, maharage au dagaa. Mwili unahitaji chakula hicho kujenga ngozi mpya.

Kidonda kisichouma kabisa, cheupe au kikavu kama ngozi ya ngoma, kimeingia ndani sana. Hicho hakisubiri dalili. Vilevile cha usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri.

Na mtoto mwenye kidonda cha moto, hata kidogo, akipata homa, vipele, kutapika au kuharisha, akakataa kunyonya au akalegea, mpelekeni hospitali usiku huohuo.