Hesabu ya ndege vitani: Nani aaminiwe?

Kilima cha Bluff, kinachoikinga bandari ya Durban, Afrika Kusini, kiliwekewa mizinga katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, tarehe 20 Mei 1942, ndege ndogo iliyorushwa kutoka nyambizi ya Japani, I-10, iliipeleleza bandari hiyo na kuondoka salama.

Siku moja kabla, ndege ya nyambizi I-30 ilizipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam, kisha ikaharibika ilipotua baharini. Hasara kama hiyo huijua mwenyewe tu; adui hana cha kujivunia.

Kinyume chake, tarehe 15 Septemba 1940, Uingereza ilitangaza kuzidungua ndege 185 za Ujerumani. Baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha takriban 60. Marubani si lazima walidanganya: wawili waliweza kuilenga ndege moja, kila mmoja akaihesabu kuwa yake.

Ndiyo maana wanahistoria huanza na daftari la aliyepoteza, kwani kikosi hulazimika kuomba ndege nyingine na kuwaarifu jamaa za marehemu. Lakini daftari nalo huangamia. Idadi ya ndege alizodungua Marmaduke Pattle, rubani wa Afrika Kusini aliyeuawa Ugiriki tarehe 20 Aprili 1941, ingali inabishaniwa, kwa kuwa kumbukumbu za kikosi chake zilipotea majeshi yaliporudi nyuma.

Ushindi hutangazwa jioni ile ile. Ukweli husubiri madaftari ya pande zote mbili yafunguliwe.