Ukadiriaji wa Wageni wa Tovuti kutokana na Nafasi za Utafutaji

Ukadiriaji wa wageni wa tovuti kutokana na nafasi za utafutaji ni mbinu ya kukisia kwa hesabu idadi ya watu wanaofika katika tovuti kupitia injini ya utafutaji, kama vile Google au Bing, kwa kutumia mambo mawili yanayoonekana hata na mtu wa nje: nafasi ambayo ukurasa wa tovuti hiyo unaishika katika orodha ya matokeo, na mara ambazo maneno yanayoileta orodha hiyo hutafutwa kwa mwezi. Huitegemea zaidi yule asiyeweza kuziona takwimu za ndani za tovuti husika, kwa mfano mfanyabiashara anayetaka kujua mshindani wake hupata wageni wangapi, au mwenye tovuti changa anayepima kama inafaa kugharimia kazi ya kupanda kutoka nafasi ya nane hadi ya pili.

Kanuni yenyewe ni fupi: idadi ya utafutaji wa mwezi huzidishwa kwa uwiano wa ubofyaji, yaani sehemu ya utafutaji wote inayoishia kwa mtu kubofya kiungo kilicho katika nafasi inayohusika. Maneno yanayotafutwa mara 10,000 kwa mwezi, yakiwa na uwiano wa asilimia 8 katika nafasi ya tatu, yatampa mwenye ukurasa huo wageni wapatao 800. Kuzidisha si kazi. Kazi ni kujua uwiano huo umetoka wapi, na kama kweli unaihusu tovuti inayokadiriwa.

Chimbuko la viwango vya uwiano huo vilivyosambaa sana ni tukio la Agosti 2006, wakati kampuni ya Marekani ya AOL, ambayo injini yake ilionyesha matokeo ya Google, ilipotoa hadharani kumbukumbu za utafutaji wa watumiaji zaidi ya 650,000 kwa miezi mitatu, kuanzia Machi hadi Mei mwaka huo. Majina yalikuwa yamebadilishwa kuwa namba, lakini waandishi wa gazeti la New York Times waliweza kumtambua mmoja wa watumiaji kwa kufuatilia tu mambo aliyoyatafuta. Kampuni iliziondoa kumbukumbu hizo na kuomba radhi, ila nakala zilikuwa zimekwisha kuenea, na haifai kusahau kwamba taaluma hii ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya taarifa ambazo wenyewe hawakuridhia zitolewe. Wachambuzi waliozichambua walikuta kwamba nafasi ya kwanza ilichukua takriban asilimia 42 ya mibofyo yote, ya pili asilimia 12, ya tatu zaidi kidogo ya asilimia 8, na ya kumi karibu asilimia 3, ilhali nafasi ya kumi na moja, inayofungua ukurasa wa pili, haikufikisha hata asilimia moja.

Kosa linalorudiwa sana katika kuvitumia viwango hivyo ni kuchanganya sehemu ya mibofyo na sehemu ya utafutaji. Asilimia 42 ilitolewa katika mibofyo iliyotokea, wala si katika maswali yote yaliyoulizwa, na maswali mengi huisha bila mtu kubofya chochote. Mwaka 2006 tofauti ya jumla haikuwa kubwa, kwa kuwa kumbukumbu za AOL zilikuwa na utafutaji mpya upatao milioni 21 na mibofyo zaidi ya milioni 19. Siku hizi tofauti hiyo imepanuka: Google ilianza kuweka majibu mafupi na visanduku vya maarifa juu ya orodha katika muongo wa 2010, na Mei 2024 ilizindua nchini Marekani muhtasari unaoandikwa na akili mnemba, hivyo mtu hupata jawabu na kuondoka bila kuingia katika tovuti yoyote. Matangazo ya kulipia nayo huweza kuisukuma nafasi ya kwanza chini ya kioo cha simu, ikabaki ya kwanza kwa jina tu.

Kwa nini watu huegemea sana matokeo ya juu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Thorsten Joachims, walichapisha mwaka 2005 utafiti uliofuatilia mwendo wa macho ya watafutaji, na walipoyabadilishanisha nafasi makusudi matokeo mawili ya kwanza, waliona kwamba tokeo lililowekwa juu liliendelea kubofywa zaidi hata pale lilipokuwa limefaa kidogo kuliko lililolifuata. Sehemu ya mibofyo, kwa hiyo, ni zao la imani ya mtafutaji kwa injini, na imani hiyo humfaidi yeyote aliyewekwa juu.

Hata hivyo, imani hiyo haina uzito uleule katika kila swali. Andrei Broder alipendekeza mwaka 2002 kuyagawa maswali ya utafutaji kwa nia: kuna mtu anayetaka kufika mahali anapopajua, kuna anayetaka maarifa, na kuna anayetaka kutenda jambo, kama vile kununua au kupakua. Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni utafutaji wa matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania. Wengi wanaotafuta maneno hayo wanaitaka tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, na hakuna kingine kitakachowatosheleza, hivyo tovuti hiyo ikiwa juu, anayeshika nafasi ya pili hawezi kutarajia asilimia 12 za viwango vya AOL. Isitoshe, matokeo hayo kwa kawaida hutangazwa mwezi Januari, na hamu yote hujaa katika siku chache. Zana ya Google ya kupanga matangazo, ambayo ndiyo chanzo cha kawaida cha idadi ya utafutaji, huonyesha wastani wa miezi 12 uliokadiriwa kwa namba za mviringo, kwa hiyo huipunguza mno Januari na kuitukuza Juni. Tena mzazi mmoja huandika kwa Kiswahili, mwanawe akaandika kwa Kiingereza, na jirani akaandika NECTA peke yake. Anayehesabu msemo mmoja tu huwa ameacha sehemu kubwa ya wageni nje.

Upungufu huo wa hesabu huzikuta tovuti zote, si za Kiswahili pekee. Google imeeleza mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona, na ukurasa mmoja mzuri huweza kuonekana kwa mamia ya misemo ambayo hakuna orodha yoyote iliyoiweka.

Mtego mwingine umo katika wastani wa nafasi. Ukurasa ulioonekana nusu ya mara katika nafasi ya kwanza na nusu katika ya tano huandikwa kuwa na wastani wa tatu. Kwa viwango vya AOL, nafasi ya tatu ingempa mwenyewe asilimia 8, lakini hali halisi ingempa karibu asilimia 23, kwa kuwa mibofyo hushuka kwa kasi mwanzoni kisha hupungua polepole. Mkadiriaji makini huzidisha kila nafasi peke yake, ndipo akajumlisha.

Aliye na tovuti yake mwenyewe ana njia bora zaidi. Tangu Google ilipoanza kusimba utafutaji wa walioingia kwa akaunti zao mwaka 2011, maneno yaliyomleta mgeni yalianza kutoweka katika kumbukumbu za seva, lakini huduma ya Search Console humwonyesha mwenye tovuti mibofyo, mara ambazo tovuti ilionekana na nafasi zake kwa miezi 16 iliyopita. Kutokana na hayo anaweza kuchora jedwali lake la uwiano, akitenga maneno yenye jina la tovuti yake, akitenganisha simu na kompyuta na nchi moja na nyingine, kisha alitumie kumkadiria mshindani wa fani ileile. Misemo inayotafutwa na watu wachache mno hufichwa humo ili kulinda faragha, ingawa mibofyo yake huingizwa katika jumla, na ndiyo sababu orodha ya maneno ikijumlishwa moja moja haifikii idadi iliyoandikwa juu yake.