Utetezi Bila ya Malipo: Habari ya Mahakama za Rwanda Baada ya 1994

Tarehe 27 Desemba 1996, katika mji wa Kibungo ulio mashariki ya Rwanda, ilifunguliwa kesi ya kwanza ya mauaji ya kimbari kusikilizwa na mahakama za nchi hiyo. Washtakiwa walikuwa wawili, nao hawakuwa na wakili. Ilipofika tarehe 3 Januari 1997 walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kufa. Siku sita baadaye, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa ilianza kumsikiliza Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Taba. Huyu alipewa mawakili waliolipwa na Mahakama yenyewe, wala adhabu ya kifo haikuwamo katika sheria iliyomhukumu. Hukumu yake ilitoka tarehe 2 Septemba 1998, baada ya karibu miezi ishirini, na mwezi uliofuata alipewa kifungo cha maisha.

Hapo twaona jambo la ajabu: mtu wa cheo alipata mtetezi bila ya kutoa senti, na watu wa chini waliohukumiwa kwa mauaji yale yale hawakumpata. Walakini haifai kuwalaumu watawala wa Kigali kwa haraka. Mauaji ya tangu Aprili hata Julai 1994 yaliwaondoa duniani watu zaidi ya laki nane, na mahakama nazo hazikusalimika. Kati ya mahakimu waliokaribia 750 walisalia 244, na waendesha mashtaka waliobaki walihesabika kwa vidole. Kufikia 1998 magereza yalikuwa na mahabusu zaidi ya 120,000. Chama cha mawakili hakikuwapo kabisa; sheria ya kukiunda ilipitishwa Machi 1997, nacho kilianza na wanachama wasiofika 50. Nchi isiyo na mahakimu ingewatoa wapi mawakili?

Sheria ya 30 Agosti 1996, iliyoweka njia ya kuhukumu makosa hayo, ilimpa mshtakiwa haki ya kutetewa na mtu amtakaye, ila ikasema wazi kwamba gharama haitakuwa juu ya serikali. Kwa mkulima aliyefungwa miaka miwili, haki ya namna hiyo ni sawa na ruhusa ya kununua shamba asilo na fedha yake. Tena sheria hiyo ilikuwa ngumu kueleweka na asiye na elimu yake. Iliwagawa washtakiwa katika makundi manne, na adhabu ya kifo ililihusu kundi la kwanza tu. Aliyekiri kabla ya kushtakiwa alipunguziwa adhabu sana. Aliyekiri baadaye alipunguziwa kidogo. Na maungamo yenyewe yalitakiwa yawe kamili, pamoja na majina ya wenziwe. Kunyamaza kwa mwezi mmoja kuliweza kumgharimu mtu miaka mingi ya kifungo. Nani angemweleza hayo gerezani? Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani, na baadhi yao walikuwa wamehukumiwa pasipo mtetezi. Adhabu ya kifo ilifutwa Rwanda mwaka 2007.

Msaada ulitoka nje kwanza. Mwezi ule ule wa Desemba 1996, shirika la Avocats Sans Frontières la Brussels lilianza kuleta mawakili kutoka Ulaya na Afrika ya Magharibi, wakae muda mfupi, wasimame mahakamani, warudi kwao. Jambo moja katika kazi yao lastahili sifa: waliwatetea washtakiwa na waliodhulumiwa pia, maana mjane aliyetaka kudai fidia alikuwa hana wakili vilevile. (Fidia zenyewe, kwa sehemu kubwa, ziliamriwa tu zisilipwe, lakini hilo si kosa la mawakili.) Wapo manusura walioona uchungu kumwona mgeni akimsemea muuaji, na uchungu huo tusiubeze. Hata hivyo, hukumu iliyotolewa bila ya kusikilizwa upande wa pili humwachia aliyehukumiwa neno la kulalamikia maisha yake yote, na humnyima manusura uhakika wa nani hasa aliyefanya nini.

Kwa wasomaji wa jarida hili, upande wa lugha una utamu wake. Wakili mgeni aliijua sheria asiijue lugha. Mshtakiwa aliijua lugha asiijue sheria. Kati yao alisimama mkalimani. Huko Arusha uzito wa jambo hili ulionekana wazi. Katika kesi ya Akayesu mtaalamu wa isimu aliitwa kutoa ushahidi, na hukumu ina sehemu nzima juu ya maneno ya Kinyarwanda kama inyenzi, yaani mende, na ibyitso, yaani washirika wa adui, na juu ya maneno yatumiwayo kutaja tendo la kunajisi. Maisha ya mtu yaliweza kutegemea tafsiri ya neno moja. Wanyarwanda wenyewe walilichukua neno la Kifaransa wakasema avoka, wengi wake abavoka, kama sisi tulivyomchukua wakili kwa Waarabu, ambao kwao ni mtu uliyemkabidhi jambo lako. Msaidizi wa kisheria huitwa pia umwunganizi, mwenye kuunga mkono. Kiswahili chetu nacho kina hila yake: neno bure lina maana ya pasipo malipo, na pia pasipo faida, kwa hiyo nimependelea kuandika "bila ya malipo."

Mahakama za gacaca, zilizoenea nchi nzima 2005 na kufungwa Juni 2012, zilisikiliza mashauri karibu milioni mbili mbele ya waamuzi waliochaguliwa na majirani zao. Mawakili hawakuruhusiwa humo. Hoja ilikuwa kwamba kijiji kizima ni shahidi. Nami naona hoja hiyo ina nguvu kijijini penye mashahidi wengi, na ni dhaifu pale aliyeshtakiwa alipokuwa hana ndugu aliyesalia wala rafiki wa kumwinulia sauti.

Wakati huohuo haja nyingine ilikuwa ikikua kimyakimya. Wajane na mayatima walirudi wakakuta mashamba yameshikwa na shemeji au ami. Kwa mila, binti hakurithi ardhi. Sheria ya Novemba 1999 ilimpa sehemu sawa na nduguye wa kiume, lakini sheria haiendi yenyewe mpaka mlimani. Chama cha Haguruka, kilichoundwa 1991, kilikuwa kikiwashauri wanawake na watoto pasipo malipo na kuwasindikiza barazani. Tangu 2007 serikali nayo ilianza kufungua nyumba za msaada wa sheria, hata zikaenea katika wilaya zote 30. Mtu wa kwanza kuingia humo, mara nyingi, ni mama mwenye shauri la shamba.