Kimo cha Sakafu: Zana za Mchoraji wa Majengo Uvira

Mji wa Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, juu ya ukanda mwembamba unaokatwa na mito kama Mulongwe na Kalimabenge, na kwa hiyo zana ya msanifu wa majengo, yaani mtu anayebuni jengo na kulichora kabla halijajengwa, hupimwa hapa kwanza kwa namna inavyotunza kimo cha sakafu juu ya maji.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, ukanda huo ulikuwa tayari umeunganishwa na biashara ya Waswahili na Waarabu wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, ambao pia walisaidia kueneza nyumba ya pembe nne yenye kuta za miti na udongo. Ramani yake ilichorwa ardhini kwa kamba na vigingi, na, pande zinazotazamana zikiwa sawa, pembe zilihesabiwa kuwa mraba pale kamba mbili za ulalo, zile zinazokatiza kutoka kona hadi kona, zilipolingana urefu. Kimo kiliachiwa kumbukumbu za wazee, lakini mabadiliko ya ziwa hili huchukua muda mrefu kuliko kumbukumbu hizo: lilipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, Lukuga, mto pekee unaotoa maji yake, ulipozibuka, likashuka mita kadhaa na kuacha wazi ardhi iliyovutia wajenzi, kisha likapanda tena kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Utawala wa Wabelgiji ulileta wino na karatasi ya kalki, karatasi angavu ya kunakilia, pamoja na mkato, mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa wima. Humo kimo kilipata mstari wake. Programu ya AutoCAD, iliyotolewa Marekani mwaka 1982, ilihamishia kalki hiyo kwenye kompyuta bila kubadili asili yake, kwa kuwa ukuta ulibaki mistari miwili na mkato ulichorwa peke yake. Mageuzi makubwa zaidi yalitoka Budapest, ambako kampuni ya Graphisoft iliunda ArchiCAD katika miaka hiyohiyo ya 1980, na baadaye Revit ikafuata mwaka 2000: katika programu hizi ukuta ni ukuta wenye urefu, unene na kimo, kwa hiyo sakafu ikiinuliwa nusu mita, ramani na mikato yote hujirekebisha.

Tangu Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, uwezo huo wa kujirekebisha una uzito wa pekee kwa kijana wa Uvira anayechagua la kujifunza. AutoCAD ni nyepesi zaidi kwa kompyuta ya kawaida, na faili zake husomwa na wahandisi wengi, kwa hiyo kuanza nayo ni busara. Lakini anayeishia hapo hurithi pia upungufu wa kalki. Kimo kilichoamuliwa kwenye skrini hatimaye hufika kwa mwashi kama tarakimu moja kwenye karatasi, naye hukihamisha kutoka ukuta hadi ukuta kwa mpira mwembamba angavu uliojazwa maji.