Mahitaji ya Utafiti katika Usimamizi wa Hifadhi: Funzo kutoka Serengeti, Tarime na Bonde la Mto Mara

Hifadhi ya Taifa Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikarekebishwa mwaka 1959, na mwaka 1981 ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wa kaskazini na magharibi, hifadhi hiyo inapakana na vijiji vya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara, ambako wananchi hulima mahindi, mtama na muhogo na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kigingi cha mpaka hutenganisha mamlaka za pande hizo mbili, lakini hakizuii tembo, kirusi, maji ya mto wala mbegu ya gugu kuvuka.

Msimamizi wa hifadhi hufanya uamuzi kila siku: moto wa mapema uchomwe wapi na lini, doria ielekezwe upande gani, chanjo ipelekwe kijiji kipi, tembo waliotoka warudishwe kwa njia ipi. Uamuzi usiotegemea takwimu ni sawa na kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huangukia wanyamapori na wananchi kwa pamoja. Historia ya Serengeti inaonesha kuwa mara nyingi jibu la tatizo lililojitokeza ndani ya hifadhi lilipatikana nje ya mpaka wake. Lilipatikana kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa wakihesabu, kupima na kuandika kumbukumbu kwa miaka mingi.

Chimbuko la utafiti wa wanyamapori

Katika miaka ya mwisho ya 1950, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walitumia ndege ndogo kuhesabu wanyama wa Serengeti na kufuatilia njia za uhamaji wao. Michael alifariki dunia katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Septemba 1961, katika tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la uhifadhi wa wanyamapori, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa kazi ya kuwalinda wanyamapori inahitaji utaalamu maalumu, watumishi waliofunzwa pamoja na fedha. Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililohusu ujamaa na kujitegemea.

Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, na mwaka 1966 ikaanzishwa taasisi ya utafiti ya Serengeti, yenye makao yake Seronera. Baadaye kazi ya utafiti wa wanyamapori iliwekwa chini ya taasisi ya kitaifa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1980. Taasisi hiyo ndiyo inayofahamika leo kama Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), yenye jukumu la kufanya, kuratibu na kusimamia utafiti wa wanyamapori nchini.

Sotoka: tiba iliyopatikana zizini

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaangamiza ng'ombe pamoja na wanyamapori wenye kwato kama nyumbu na nyati. Kwa miongo kadhaa baadaye, ndama wengi wa nyumbu waliendelea kufa. Ilidhaniwa kuwa wanyamapori ndio hifadhi ya ugonjwa huo na kwamba mifugo huambukizwa kutoka kwao.

Chanjo ya ng'ombe katika vijiji vilivyozunguka Serengeti ilibadili fikra hiyo. Ng'ombe walipopata kinga ya kutosha, sotoka ilitoweka pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi takriban milioni 1.3 mwaka 1977. Ongezeko hilo lilizaa mabadiliko mengine: nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi kavu za kuwaka zikapungua, moto ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka.

Mlolongo huo usingejulikana bila hesabu za wanyama zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya mara moja huonesha idadi tu. Hesabu inayorudiwa ndiyo inayoonesha sababu.

Simba na mbwa wa vijijini

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikumbwa na mlipuko wa kirusi cha distempa, ugonjwa unaofahamika zaidi kwa mbwa. Takriban theluthi moja ya simba walikufa. Kwa kuwa simba hao walikuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1966, watafiti waliweza kulinganisha hali ya kabla na baada ya mlipuko. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa ukame wa mwaka 1993 ulichangia vifo hivyo, kwani nyati waliodhoofika walikuwa na kupe wengi, na simba waliowala walipata vimelea vya kupe pamoja na kirusi.

Kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji jirani zilizofuata zimelinda pia maisha ya binadamu, hasa watoto, dhidi ya kichaa cha mbwa. Ili kuzuia ugonjwa huo, inashauriwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo husika. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa chanjo ilipunguza distempa kwa mbwa bila kuikomesha kwa simba, ishara kwamba wanyamapori wengine nao huendeleza maambukizi. Hivyo, jibu la kwanza la utafiti si lazima liwe la mwisho, na ufuatiliaji haupaswi kusimama pindi hatua ya kwanza inapofanikiwa.

Maji ya Mto Mara

Hitaji la kwanza la sasa ni takwimu za maji. Mto Mara, wenye urefu wa takriban kilomita 395, huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na kaskazini mwa Serengeti, kisha huelekea Ziwa Victoria kupitia ardhioevu kubwa ya Mkoa wa Mara. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 13,500, na takriban asilimia 65 ya eneo hilo iko Kenya. Ndani ya Serengeti, huo ndio mto pekee unaotiririka mwaka mzima, na nyumbu huutegemea wakati wa kiangazi.

Msimamizi anahitaji kujua ni kiasi gani cha chini cha maji kinachopaswa kubaki mtoni katika kila mwezi, ubora wake unabadilika vipi, na ni wapi udongo unaochafua mto unatokea. Majibu hayo hayawezi kupatikana kwa kupima daraja moja tu. Yanahitaji vituo vya vipimo tangu Mau hadi ziwani, pamoja na kubadilishana takwimu kati ya nchi mbili. Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila Septemba 15, hutoa fursa ya mazungumzo hayo.

Tembo mashambani

Hitaji la pili ni elimu ya migongano kati ya binadamu na wanyamapori. Sensa zilionesha kuwa idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014 kutokana na ujangili, kisha ikapanda hadi takriban 60,000 mwaka 2021. Mafanikio hayo ya ulinzi yanakwenda pamoja na wajibu mpya, kwa kuwa tembo wanaoongezeka hukutana na mashamba yanayopanuka.

Katika kata zinazopakana na hifadhi, zikiwemo Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha wilayani Tarime, mkulima anaweza kupoteza kwa usiku mmoja mahindi aliyoyatunza msimu mzima. Serikali hutoa kifuta jasho kwa uharibifu wa mali na kifuta machozi kwa kifo au majeraha, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Malipo hayo huja baada ya hasara. Utafiti unapaswa kusaidia kuizuia.

Visukuma mawimbi vinavyofungwa shingoni mwa tembo huonesha njia na saa wanazopita. Bado kuna maswali ya kujibiwa kwa kila eneo: uzio wa pilipili hudumu kwa muda gani kabla ya tembo kuuzoea? Mizinga ya nyuki hufaa katika msimu upi? Familia hupoteza nini inapolazimika kulala kwenye dungu kulinda shamba, na mtoto aliyekesha huko hufikaje shuleni asubuhi? Swali hilo la mwisho haliwezi kujibiwa na mtaalamu wa wanyama peke yake. Linahitaji pia mtaalamu wa uchumi wa kaya na wa elimu.

Magugu na matumizi ya ardhi

Hitaji la tatu linahusu mimea vamizi. Gugu karoti, ambalo limekwisha kuonekana katika mfumo ikolojia wa Serengeti na Mara, hupunguza malisho na husambaa kupitia magari, maji na mifugo. Ramani za maeneo lilipoota zinapaswa kuhuishwa kila msimu, kwani gugu hung'olewa kwa gharama ndogo likiwa bado changa na katika eneo dogo.

Matokeo yamfikie mwenye kuamua

Utafiti mwingi kuhusu Serengeti umechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya nje ya nchi. Askari wa uhifadhi, ofisa mifugo wa kata, mwalimu na mwenyekiti wa kijiji wanauhitaji kwa Kiswahili, kwa ufupi, na kabla ya msimu wa kilimo kuanza. Mkazi wa Kata ya Nkende, katika Mji wa Tarime, hapakani na hifadhi. Lakini akimpeleka mbwa wake kuchanjwa, naye anashiriki katika uhifadhi, na anastahili kuelezwa sababu.

Aidha, wananchi wasiwe watoaji wa majibu ya madodoso pekee. Wafugaji na wakulima wa Tarime na Serengeti hujua njia za tembo, visima vinavyokauka mapema na dalili za kwanza za ugonjwa zizini. Wakishirikishwa katika kupanga maswali na kutunza kumbukumbu, taarifa hupatikana mapema zaidi, na matokeo hukubalika kwa urahisi pale yanapodai mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Sotoka ilidhibitiwa kwa kumchanja ng'ombe wa mwanakijiji, na nyumbu akapona. Mpango wa utafiti wa hifadhi yoyote nchini unapaswa kuanza na funzo hilo: kutenga fedha na watumishi kwa ajili ya vipimo vinavyoendelea, ndani na nje ya kigingi, na kuyarejesha matokeo kwa wale wanaoishi nayo.